Nani Anamdai Nani? Hotuba kuhusu Filamu ya The Yakuza

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wapenzi wa filamu mara baada ya kuitazama filamu yenyewe. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale waliokosa kufika. Asiyeitazama filamu ajue kwamba humu mambo yote yanaelezwa, hadi mwisho wake.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, dada zangu na kaka zangu, nawasalimu kwa heshima, na nawashukuru kwa kubaki katika viti vyenu baada ya taa kuwashwa.

Filamu tuliyoitazama jioni hii, The Yakuza, jina linalomaanisha watu wa magenge ya wahalifu ya Japani, iliongozwa na Mmarekani Sydney Pollack, ikatolewa Japani mwishoni mwa mwaka 1974 na Marekani mwaka 1975. Imetangazwa kama filamu ya wahalifu, na kweli wahalifu wamo, panga zimo, bunduki zimo, na damu imo zaidi ya kiasi ambacho baadhi yetu tungependa kuona. Lakini yeyote aliyeitazama kwa makini ameona kwamba chini ya damu hiyo lipo daftari la madeni, lililofunguliwa Tokyo mara baada ya vita na lisilofungwa hata baada ya miaka ishirini na zaidi. Kwa hiyo naomba jioni hii tushike swali moja, tuliulize tena na tena, wala tusiliachie mpaka litujibu: nani anamdai nani?

Tuanzie pale deni lilipoanzia. Japani ilitia saini hati ya kusalimu amri tarehe 2 Septemba 1945, na majeshi ya kigeni yakiongozwa na Marekani yakaikalia nchi hiyo hadi Aprili 1952. Tokyo ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu ya moto, chakula kilikuwa haba, na watu waliishi kwa kutegemea masoko ya magendo yaliyochipuka kando ya stesheni za reli. Katika mji huo filamu inamweka askari polisi wa jeshi la Marekani aitwaye Harry Kilmer, anayeigizwa na Robert Mitchum, na mwanamke aitwaye Tanaka Eiko, anayeigizwa na Kishi Keiko. Eiko ana mtoto mgonjwa, na dawa inayohitajika, penisilini, haipatikani ila kwa njia za magendo. Ghasia zinazuka, Kilmer anaingilia kati, mwanamke anaokoka, mtoto anaokoka. Kisha wanapendana, wanaishi pamoja, na Kilmer anataka kumwoa. Eiko anakataa. Anampenda, lakini anakataa, na sababu hasemi.

Miaka inapita, na mtu aliyedhaniwa amekufa anarudi kutoka vitani. Ni Tanaka Ken, anayeigizwa na Takakura Ken, na Kilmer anaambiwa kwamba huyu ni kaka yake Eiko. Ken anamkuta Eiko anaishi na mtu wa jeshi lililoishinda nchi yake. Angekuwa na haki ya kumchukia mtu huyo, na kweli anamchukia. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyewaokoa jamaa pekee aliobaki nao duniani. Atafanya nini? Atamshukuru? Atampiga? Anakiri kwamba anadaiwa deni asiloweza kulilipa, kisha anaondoka, anazama katika ulimwengu wa magenge, na tangu siku hiyo hasemi tena na Eiko.

Msidhani habari ya askari aliyechelewa kurudi ni chumvi ya watunga filamu. Mwezi Machi mwaka 1974, mwaka uleule filamu hii ilipotolewa, luteni Onoda Hiroo alitoka katika msitu wa kisiwa cha Lubang, Ufilipino, alikokuwa akipigana vita vilivyokwisha miaka 29 nyuma yake. Vipeperushi vilidondoshwa, ndugu zake walikwenda kumwita, naye hakutoka. Alitoka siku ile kamanda wake wa zamani, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuwa raia wa kawaida, alipofunga safari mpaka msituni akamsomea amri ya kuacha vita. Mtazamaji wa Japani aliyemwona Ken akirejea kutoka kwa wafu hakuhitaji kuelezwa wajibu unaweza kumshika mtu kwa muda gani, kwa sababu alikuwa ameisoma habari hiyo magazetini mwaka huohuo.

Basi, hadi hapo, nani anamdai nani? Jibu linaonekana jepesi: Kilmer anamdai Ken. Shikeni jibu hilo, kwa maana kazi yote ya filamu ni kulivunja.

Sasa lipo deni la pili, na hili ni la fedha. Kilmer alipolazimika kuondoka Japani alitaka kumwachia Eiko njia ya kuishi, akakopa fedha kwa rafiki yake wa jeshini, George Tanner, akamnunulia baa. Baa hiyo bado ipo filamu inapoanza, na inabeba jina la Kilmer. Miaka mingi baadaye Tanner, ambaye sasa ni mfanyabiashara wa Los Angeles, anakuja na shida. Ameingia katika biashara ya silaha na bosi wa genge aitwaye Tono, hakupeleka mzigo aliolipwa, na Tono amemteka binti yake. Tanner anajua kwamba Kilmer ana mtu Japani asiyeweza kumkatalia. Anamwomba rafiki aende. Hamtaji Ken kama mtu. Anamtaja kama hundi iliyolala benki kwa miaka mingi, ikingoja kuchukuliwa.

Hapo ndipo filamu inapofanya jambo ninaloliona kuwa la busara sana. Ingekuwa rahisi kusema kwamba watu wa Magharibi wanahesabu fedha na watu wa Japani wanahesabu heshima. Filamu haisemi hivyo. Tanner ni Mmarekani, na kwake deni ni kamba ya kumvutia mwenzake. Mwishowe anaungana na Tono yuleyule na kuagiza rafiki yake auawe. Kilmer naye ni Mmarekani, na kwake neno alilompa rafiki lina uzito kiasi kwamba anapanda ndege bila kuuliza maswali aliyopaswa kuuliza. Tono ni Mjapani, kiongozi wa watu wanaojigamba kwa kanuni za heshima, na anauza na kununua bunduki, anateka msichana, na yupo tayari kushirikiana na yeyote atakayemfaidisha. Mpaka kati ya mwenye heshima na asiye nayo unapita katikati ya kila taifa. Tofauti ya mila imo kwingine: imo katika namna kila upande unavyojua, au usivyojua, kulipa kunamgharimu mlipaji kiasi gani.

Ndugu zangu, hebu tusogee kando ya filamu kidogo tutazame mahali wazo hili lilikotoka. Wajapani huuita wajibu wa aina hii giri, na hadithi kubwa kuliko zote kuhusu giri ni ya kweli. Mwaka 1701 bwana mmoja wa eneo la Ako, Asano Naganori, alichomoa upanga ndani ya kasri ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, mjini Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, na kumjeruhi ofisa mkubwa aitwaye Kira. Kuchomoa upanga mahali pale lilikuwa kosa la kifo, na siku ileile Asano aliamriwa ajiue. Kira hakuguswa. Watumishi wa Asano wakabaki samurai, yaani wapiganaji, wasio na bwana. Arobaini na saba kati yao, wakiongozwa na Oishi Kuranosuke, walingoja zaidi ya mwaka na nusu, wakijificha na kujifanya wamekata tamaa, kisha usiku mmoja wa baridi mwanzoni mwa mwaka 1703 wakaivamia nyumba ya Kira, wakamwua, wakakipeleka kichwa chake kwenye kaburi la bwana wao katika hekalu la Sengakuji. Serikali ikajikuta katika mtego: watu hawa wametimiza wajibu ambao kila mtoto wa samurai alifundishwa kuutimiza, na watu hawahawa wamevunja sheria. Uamuzi ukatoka kwamba wafe, lakini wafe kwa mikono yao, kwa heshima, na 46 kati yao wakajiua. Makaburi yao yapo Tokyo hadi leo, na watu bado huwasha ubani pale.

Kwa nini nimeirefusha hadithi hiyo? Kwa sababu ndani yake wajibu hauleti faida kwa yeyote. Hakuna aliyetimiza giri akatoka na nyumba nzuri na ng'ombe wengi. Aliyetimiza analipia. Aliyekataa kutimiza analipia pia, kwa aibu. Na tamthilia za Japani tangu karne ya 18 zimejengwa juu ya mgongano huohuo kati ya wajibu na mapenzi ya moyo, mgongano ambao mtu hatoki mzima.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya filamu ya Toei iliuchukua mgongano huo na kuuvisha nguo za magenge. Zilitengenezwa filamu nyingi mno za aina hiyo, na Takakura Ken ndiye aliyekuwa uso wake: mtu mkimya, anayevumilia dhuluma, anayevumilia tena, hata siku moja anauchukua upanga na kwenda peke yake, au na rafiki mmoja, kukabiliana na genge zima. Mtazamaji wa Japani alipomwona Takakura katika filamu ya Pollack alikuwa anamwona mtu aliyemfahamu vyema. Lakini kufikia mwaka 1973 picha hiyo ya jambazi mwenye heshima ilikuwa imeanza kuporomoka, kwani mwongozaji Fukasaku Kinji, katika kampuni ileile ya Toei, alikuwa ametoa filamu zinazowaonyesha wahalifu kama walivyo, wanaosalitiana kwa fedha na woga. Nalisema hili kwa mkazo, maana sitaki kijana yeyote atoke humu akiamini kwamba magenge ya Japani ni shule ya uadilifu. Ni watu wa ulanguzi, kamari, mikopo ya kunyonya na vitisho, na Japani yenyewe ilipitisha sheria ya kuwadhibiti iliyoanza kutumika mwaka 1992.

Walioileta hadithi hii Hollywood ni ndugu wawili, Leonard na Paul Schrader, waliolelewa Grand Rapids, Michigan, katika familia ya Kikristo ya madhehebu ya Kikalvini yenye msimamo mkali wa dini. Leonard alikwenda kufundisha Kyoto miaka ya mwisho ya 1960, akazizoea filamu hizo na watu wanaofanana na wale waliomo ndani yake. Hadithi ni yake. Mswada uliandikwa na Paul, kisha Robert Towne akaletwa kuurekebisha. Mimi naona malezi ya ndugu hawa yana sehemu kubwa katika kazi hii. Mtoto aliyefundishwa tangu utotoni kwamba binadamu anadaiwa deni asiloweza kulilipa kwa nguvu zake mwenyewe hakuhitaji kusafiri mbali ili amwelewe Tanaka Ken.

Turudi kwake. Kilmer anamkuta Kyoto, akifundisha mchezo wa upanga. Ameacha magenge miaka mingi. Ana amani, au angalau ana ukimya. Kilmer anaeleza haja yake, na Ken anakubali. Hajadili masharti. Hataji kwamba kurudi katika ulimwengu ule, hata kwa usiku mmoja, kunaweza kumwondolea kila alichokijenga. Kilmer hajui hilo, na kutojua kwake ndiko kunakobeba msiba wote. Anaomba akidhani anaomba usiku mmoja wa kazi. Msichana anaokolewa, lakini katika kuokolewa kwake Ken anaua watu kwa upanga, na kwa kuua huko anawekwa katika orodha ya kifo.

Nawauliza: mtu anayedai deni lake ana wajibu gani? Tumezoea kuuliza wajibu wa mdaiwa. Tunamhubiria mdaiwa, tunamkumbusha kwamba ahadi ni deni, tunamwita mwungwana akilipa na mhuni asipolipa. Nani anamhubiria mdai? Nani anamwambia: kabla hujanyoosha mkono, jua mwenzako atatoa nini, na atakitoa kutoka wapi?

Filamu inamhubiria mdai, na inamhubiria kwa ukali. Genge linavamia nyumba ya Oliver Wheat, rafiki yao Mmarekani anayeishi Tokyo. Anauawa Dusty, kijana aliyetumwa na Tanner kama mlinzi na jasusi, ambaye kidogo kidogo alikuwa amejifunza kumheshimu Ken. Na anauawa Hanako, binti wa Eiko, yule mtoto wa penisilini ambaye sasa ni mwanamke mzima. Uhai ule ulioanzisha deni unakatishwa na kudaiwa kwa deni hilohilo.

Kisha Goro, kaka yake Ken, mtu wa hadhi ambaye viongozi wa magenge humwendea kwa ushauri, anamwambia Kilmer lile ambalo hakuna aliyemwambia kwa miaka yote hiyo. Eiko hakuwa dada wa Ken. Eiko ni mke wake. Hanako alikuwa mtoto wao wa pekee.

Sasa rudini nyuma, mkatazame upya kila tukio. Mtu alirudi kutoka vitani, akamkuta mke wake katika nyumba ya mwanamume mwingine, na kwa sababu mwanamume huyo alimwokoa mke na mtoto, akajiita kaka. Akamwachia. Kila mara Kilmer alipotamka jina la Eiko mbele yake, kila mara alipouliza kwa nini Eiko hakukubali kuolewa, alikuwa anamwuliza mume. Alipofunga safari kwenda Kyoto kudai deni, deni hilo lilikuwa limekwisha kulipwa zamani, mara kumi. Nani anamdai nani? Kilmer alifika Japani akiwa mdai. Sasa anajitambua kuwa mdaiwa, na aliyemkopesha hakuwahi hata kumwonyesha daftari.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya Eiko, maana filamu yenyewe haisimami vya kutosha. Wanaume wawili wanatazamana kwa heshima kubwa, na heshima yao inatugusa. Mimi inanigusa kila mara. Lakini ni nani aliyelipa zaidi? Alitafuta dawa katikati ya njaa. Alimpenda mtu na kumkatalia ndoa kwa kuwa alikuwa na mume, na hakuweza kumtaja mume kwa kuwa mume mwenyewe alijificha nyuma ya jina la kaka. Aliendesha baa yenye jina la mtu aliyeondoka. Alikaa miaka bila kusemeshwa na mumewe. Mwishowe anamzika binti yake. Kishi Keiko anayabeba yote hayo kwa utulivu wa ajabu, lakini mswada haumpi hata tukio moja la kusema yeye anadai nini na anamdai nani. Naliona kuwa pungufu kubwa la filamu hii. Wajibu wa wanaume umepewa sauti, panga na muziki. Wajibu wa mwanamke umeachwa uonekane kama tabia yake ya asili.

Baada ya hapo Kilmer anamalizana na Tanner kwa risasi, kisha yeye na Ken wanaivamia nyumba ya Tono, mmoja akiwa na bunduki na mwenzake na upanga. Ni tukio refu na limepigwa vizuri sana, ila silo ninalotaka kulizungumzia. Nataka kuzungumzia yanayofuata.

Goro alikuwa ameomba jambo moja tu: mwanawe aliyepotea, kijana mwenye chale ya buibui kichwani ambaye amejiunga na genge la Tono, asiuawe. Katika mapigano kijana anamvamia Ken, na Ken anamwua. Hivyo Ken, aliyempoteza binti, anakwenda mbele ya kaka yake ambaye amempoteza mwana kwa mkono wa Ken. Yupo tayari kujiua. Goro anamsihi asifanye hivyo, asimzidishie msiba. Basi Ken anakata kidole chake na kukitoa kuomba radhi, kama ilivyo desturi ya magenge ya Japani. Kilmer yupo pale. Anaona.

Kisha, kabla ya kuondoka Japani, Kilmer anafika nyumbani kwa Ken, na kabla ya kusema lolote la maana anafanya vilevile. Mmarekani mzee, mpelelezi mstaafu, anapiga magoti, anakata kidole chake, anakifunga katika leso, na kumsogezea Ken, akiomba radhi kwa maumivu aliyomletea zamani na sasa, na akimwombea Eiko msamaha.

Najua wapo miongoni mwenu walioficha macho, na wapo watakaosema kwamba huu ni ukatili uliopambwa, au kwamba mgeni anaigiza mila zisizo zake. Pingamizi hilo ni la haki na nimelifikiria sana. Lakini tazameni alikuwa na nini kingine cha kutoa. Fedha? Fedha ndiyo lugha ya Tanner. Maneno? Ken ameishi miaka ishirini bila kutamka neno ambalo lingemwokoa. Maneno ya Kilmer yangekuwa na uzito gani mbele ya ukimya huo? Kuondoka tu na kutoonekana tena? Alikwisha kuondoka mara moja, na kuondoka kule hakukumtua Ken mzigo wowote. Alichofanya ni kukubali kwamba anayeomba radhi hachagui yeye sarafu ya kulipia. Anatoa kitu ambacho aliyekosewa anaweza kukipokea bila kujidhalilisha. Na tofauti na siku ile alipokwenda Kyoto kudai, safari hii anajua bei, kwa sababu ameiona ikilipwa mbele ya macho yake.

Na Ken anapokea. Anamwita rafiki. Wanainamiana kwaheri, na Kilmer anaondoka.

Filamu haituambii kama Ken na Eiko watarudiana. Wapo wahakiki wanaoliona hilo kama mwisho uliokatika. Mimi naona Pollack alifanya sawa kuishia hapo, kwa kuwa jambo hilo si la Kilmer tena, na tumeitazama habari yote tukiwa upande wake. Lakini najua Mama Mwenyekiti wa kamati ya maonyesho ana maoni tofauti, tumebishana tangu wiki iliyopita, na nimemwahidi kwamba swali la kwanza litakuwa lake. Kwa hiyo mama, tafadhali, kipaza sauti ni chako, nami naomba tuanze na Eiko.